Kelele Katikati ya Sala

Nathanaeli Ndahani ni katekista wa kanisa letu, na huu ni mwaka wake wa kumi na tisa. Kanisa lenyewe ni dogo, la matofali ya kuchoma, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Makutupora. Mchungaji wetu ana makanisa manne ya kuzungukia kwa pikipiki, kwa hiyo Jumapili nyingi anayesimama mbele ni Nathanaeli. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye sauti nzito isiyo na haraka. Kabla ya jambo ninalolisimulia sikuwahi kumsikia akipaza sauti kanisani, hata siku mbuzi walipoingia hadi madhabahuni.

Siku nyingine sita ni mkulima wa zabibu. Shamba lake ni ekari moja na nusu, nyuma ya nyumba, na zabibu zinazovunwa Agosti na Septemba ndizo zinazomsumbua. Wakati huo Ugogo yote imekauka. Nyasi ni za njano, upepo umejaa vumbi, na ndege hawana pa kula isipokuwa kwenye vichala vyetu. Kwenzi huja makundi kwa makundi, weusi wanaong'aa. Wakitua kwenye mstari mmoja kwa dakika tano, unakuta maganda.

Mwaka juzi Nathanaeli hakuwa na wa kumsaidia kuamia, yaani kulinda zabibu dhidi ya ndege. Mwanawe Stanley alikuwa amepata kazi ya reli kule Ihumwa, binti zake wawili wameolewa Kongwa, na mkewe Evelina alikuwa amevimba goti, hawezi kupanda dungu, jukwaa la miti la kulindia shamba. Basi mzee akapanda mwenyewe. Kuanzia kunapokucha hadi jua kuzama alikuwa juu ya dungu na debe bovu na kombeo, akipiga kelele ileile ambayo baba yake alikuwa akipiga katika mtama: "Tokeni! Tokeni nyote! Hamkupanda hapa!" Sisi majirani tulimsikia kwa mbali tukazoea.

Jumapili alimwomba jirani yake, Geofrey, amshikie zamu wakati wa ibada. Geofrey ni mtu mwema, lakini akikaa tu, usingizi unamchukua. Na kwenzi wanapenda sana saa tatu hadi saa tano asubuhi, muda wa ibada.

Nathanaeli alinisimulia baadaye hali yake ya wiki zile. Alisema alikuwa anasoma somo mbele yetu, macho yako kwenye maandishi, mdomo unatamka, na yeye mwenyewe yuko shambani anakagua mstari wa tisa. Nyumbani aliinama kuomba na Evelina kabla ya chakula, akafika kwenye "amina" bila kujua amesema nini. Alijaribu kufunga Ijumaa. Akashinda njaa, na bado aliwaza ndege.

"Kilichonichanganya," aliniambia, "ni kwamba sikuwa nawaza jambo baya. Shamba ni la Mungu, zabibu nilimwomba yeye. Sasa nikiwaza zabibu, nimemwacha Mungu au sijamwacha? Nilishindwa kujua."

Jumapili ya pili ya Septemba ibada ilikuwa imejaa. Mimi nilikuwa benchi la tatu upande wa kulia. Tulifika kwenye maombi, tukafumba macho, na Nathanaeli akaanza kwa sauti yake ileile, akiombea mvua, akiombea viongozi, akiombea wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa karibu na mtihani. Juu ya mabati ndege wakatua. Tuliwasikia wote, kucha zao zinakwaruza. Sauti ya Nathanaeli ikapungua kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu. Kisha akanguruma:

"Tokeni! Tokeni nyote! Hamkupanda hapa! Tokeni!"

Nilifumbua macho. Alikuwa amenyoosha mkono juu, uso umekunjamana, macho bado yamefumbwa. Halafu mama mmoja upande wa wanawake akalia kwa sauti, akapiga magoti sakafuni. Alikuwa Loisi. Mwingine akasema "Amina!" na mwingine tena, na kwaya wakaanza wimbo ambao haukuwa umepangwa. Watu walilia. Mimi pia, sitaficha, machozi yalinitoka. Niliona kama kitu kimepita kati yetu.

Mbele pale, Nathanaeli alikuwa amefumbua macho na anatutazama kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ya wageni.

Loisi ni mjane, ana miaka kama arobaini. Mumewe alipofariki ghafla, mawifi zake walimwambia mbele ya waombolezaji kwamba ni yeye aliyemmaliza. Hakuna aliyethibitisha, na waliosema walisharudi kwao, lakini maneno yalibaki naye. Alikuwa akisimulia baada ya ibada, analia na kucheka, kwamba kwa miaka miwili kila akifumba macho kuomba aliyasikia yaleyale: umemuua, umemuua. "Leo katekista ameyakemea," alisema. "Amesema hamkupanda hapa. Nimesikia yakitoka. Kichwa changu ni chepesi."

Nathanaeli alimshika mkono, kisha akawageukia wengine waliokuwa wakitoka mlangoni.

Nyumbani alimweleza Evelina. Evelina alicheka hadi akashika goti lake kwa maumivu. Alipomwona mumewe hacheki, akanyamaza.

"Sasa utafanyaje?" akauliza.

"Sijui. Nikisema, nitamvunja Loisi. Nisiposema, nimedanganya kanisa zima."

"Wewe hujadanganya. Hujasema neno."

"Ndiko huko kudanganya kwenyewe, mama Stanley."

"Basi nyamaza kwanza uone," Evelina akamwambia. "Labda Mungu alitumia kelele yako. Mbona amewahi kutumia vitu vya ajabu kuliko wewe?"

Akanyamaza, na kunyamaza kukawa kazi kubwa kuliko kuamia. Watu walianza kumfuata shambani. Mmoja alileta mtoto mwenye degedege, mwingine alitaka ombi la kesi ya kiwanja. Walisimama chini ya dungu, nguo safi, wakamwita kwa unyenyekevu ambao hawakuwa nao zamani. Mama mmoja akamwambia wazi: "Baba, omba kama ile siku. Ile ya sauti." Naye, kwa kutaka kumridhisha, akapaza sauti. Aliniambia alijisikia kama mtu anayeigiza mbele ya arusi. Yule mama aliondoka akishukuru, na Nathanaeli akabaki amekaa kwenye ngazi ya dungu, kwenzi wanakula mstari wa nne, hawafukuzi.

Sasa hakuwa na shamba tu moyoni. Alikuwa na watu pia, wanasemaje, wanamwonaje, leo watakuja wangapi. Na, alikiri mwenyewe, kulikuwa na sehemu yake iliyofurahi. Jumapili iliyofuata, alipofumba macho mbele yetu, alihisi kanisa zima limeshika pumzi likingoja. Hakuwaza ndege hata kidogo. Aliwaza sisi. Akaomba haraka haraka, akakaa.

Jumanne mchungaji Eliakimu alipita kwa pikipiki, Nathanaeli akamsimamisha njiani, akamweleza yote, kuanzia kwenzi hadi Loisi. Mchungaji ni kijana, hajafika miaka thelathini na mitano. Alivua kofia ngumu, akaikalia.

"Mimi nilishaandika kwenye ripoti kwamba Roho ametutembelea," akasema.

"Nisamehe, mchungaji."

"Ngoja. Labda ametutembelea. Sijui." Alikuna shingo. "Nikuambie kweli, mzee wangu? Mimi katikati ya sala nawaza petroli. Nawaza kanisa la nne nitafika saa ngapi. Sijawahi kupiga kelele, ndiyo tofauti yetu."

"Sasa nifanye nini?"

"Mwambie Loisi kwanza. Kabla ya kanisa. Asije akasikia kwa watu."

"Akivunjika je?"

Mchungaji aliinuka, akavaa kofia yake. Aliomba naye pale barabarani, kwa maneno machache, akawasha pikipiki akaondoka. Nathanaeli alisema aliachwa na vumbi na shaka ileile, ila sasa alikuwa na pa kwenda.

Alimkuta Loisi nyuma ya nyumba akipepeta uwele.

"Shikamoo, baba katekista."

"Marahaba, mama. Za hapa?"

"Njema. Karibu kigoda."

Hakukaa. Alisema akiwa amesimama, kwa sababu alijua akikaa ataanza kuuliza habari za kuku. Alimwambia kwamba Jumapili ile hakuwa akimkemea pepo wala maneno. Alikuwa akifukuza ndege. Aliwasikia kwenye mabati, akasahau yuko wapi, akadhani yuko juu ya dungu lake.

Loisi aliacha kupepeta. Ungo ulibaki mkononi.

"Ndege," akasema.

"Kwenzi, mama."

"Yale maneno yote? Hamkupanda hapa?"

"Ndivyo ninavyowafukuza kila siku. Hata jirani zangu wanajua."

Nathanaeli alidhani atalia, lakini Loisi alikasirika. Aliweka ungo chini kwa nguvu, uwele ukamwagika. "Na siku zote hizi unaniona nashukuru mbele za watu, nashuhudia mpaka kwa wenzangu wa kikundi, unanitazama tu? Ungeniambia palepale! Palepale mlangoni ningecheka na watu wangecheka na ingekwisha."

"Ni kweli. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Mwanzoni nilikuogopea wewe. Baadaye sijui. Nadhani nilipenda kuonekana vile."

Loisi alikaa juu ya kile kigoda alichomkaribisha yeye. Kuku wakaja wakaanza kula uwele uliomwagika, na hakuna aliyewafukuza. Kisha akasema kwa sauti nyingine, ya mtu anayejiuliza mwenyewe:

"Lakini hayajarudi."

"Nini?"

"Maneno. Hata sasa hivi, nikiwa nimekasirika hivi, hayajarudi. Sasa niambie wewe uliyesoma. Nani aliyenitolea?"

Nathanaeli alisema, "Mungu," kwa sababu ndivyo katekista anavyopaswa kujibu, na aliposema akaona halijamtosha hata mmoja wao. Akaongeza, "Nadhani. Mimi sikuwepo, mama. Nilikuwa shambani."

Loisi alimtazama, akacheka kidogo, lakini hakikuwa kicheko cha kumsamehe. Akamwambia aende, ana kazi. Nathanaeli alipofika kwenye uzio, Loisi akamwita tena: Jumapili aseme mwenyewe mbele ya watu, asimwachie yeye mzigo wa kueleza.

Alisema. Nilikuwepo, benchi langu lilelile. Alisimama kabla ya wimbo wa kwanza, akaeleza kwa ufupi, hakujitetea. Wengine wakacheka, hasa vijana wa kwaya. Yule mama aliyetaka aombewe kwa sauti alitoka nje na hakurudi kwa mwezi mzima. Na kundi zima la wazee likakataa kabisa kuamini. Mzee Mazengo, ambaye husema kila jambo kama hukumu, alisema huo ni unyenyekevu wa watu wa Mungu, kwamba nabii huwa hajui anachotabiri. Nathanaeli alirudia: "Ni ndege, mzee. Ni ndege." Mzee Mazengo akatikisa kichwa kwa heshima zaidi. Hadi leo kuna watu wanaomsalimia kwa mikono miwili, naye amechoka kuwakatalia.

Mimi mwenyewe sijui niyaweke wapi machozi yangu ya siku ile. Nililia kwa ajili ya kwenzi? Nimemuuliza Nathanaeli, akasema nisimuulize yeye.

Zabibu zilivunwa kabla ya Septemba kuisha. Mistari minne iliharibika, mingine ilikuwa mizuri. Nathanaeli aliniambia alingoja kwa hamu Jumapili ya kwanza baada ya mavuno. Shamba tupu, hakuna cha kulinda, moyo utatulia sasa. Akafumba macho mbele yetu, na moyo ukaenda Ihumwa kwa Stanley, ambaye hakuwa amepiga simu. Ukatoka Ihumwa ukaenda kwenye kupogolea matawi. Ukaenda kwenye goti la Evelina.

"Nilidhani tatizo ni zabibu," alisema.

Siku hizi anaomba kwa namna ambayo wengine hawaipendi. Anataja jambo moja, kisha ananyamaza. Kimya kinakuwa kirefu, watoto wanaanza kusukumana, mtu anakohoa. Amenieleza kwamba akiona amekwenda kwa mawazo, anangoja mpaka arudi ndipo aendelee, hataki tena mdomo utangulie peke yake. Siku nyingine anarudi upesi. Siku nyingine harudi, na hapo anasema, "Tuombe sote," tunamaliza kwa sala ya Bwana.

Loisi hakuacha kuja. Alihama kutoka katikati akakaa mwisho karibu na mlango, na hasemi chochote kuhusu maneno yale, kama yamerudi au la. Wiki iliyopita, baada ya ibada, nilimsikia akimwambia katekista kwamba kimya cha leo kimezidi, ameacha maharage jikoni. Nathanaeli akamwomba radhi, akasema hata yeye hakujua alikuwa wapi muda wote ule.