Siku Tisa Kabla ya Kibali

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya bunduki pale Changamwe, sikupewa nyundo wala tupa. Nilipewa kalamu. Mwenye leseni, mzee wa Mombasa aliyeidhinishwa na serikali kuuza na kutengeneza silaha, aliniwekea mezani bunduki ya michezo iliyotoka ng'ambo, akaniambia niisome nambari yake niiandike katika rejista. Nikaandika. Akavaa miwani, akatazama, akatikisa kichwa.

"Hii tatu umeifanya nane. Wajua umefanya nini, Jefwa mwanangu? Umemwandikia mtu bunduki isiyo yake. Wallahi, akisimamishwa njiani na karatasi hii, atalala ndani."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Kaloleni na cheti changu cha ufundi wa vyuma, nikidhani kazi ni mikono. Nilikuja kujua kwamba kwa bunduki, mikono huja baada ya karatasi.

Uwindaji ulikuwa umeshapigwa marufuku nchini kabla sijaingia kazini. Wateja wetu walikuwa watu wa vilabu vya kulenga shabaha, wakulima wenye vyeti vya kumiliki silaha, na wageni waliokuja kushindana kisha warudi kwao. Bunduki zao zilitengenezwa Ulaya kwa vipimo vya watu wa huko, kwa hiyo walitaka tuwabadilishie. Mwenye mkono mfupi alitaka kitako kipunguzwe, ule mti unaoegemea begani. Mwenye macho mazito alitaka afungiwe darubini. Hayo yalikuwa mepesi, na bado tuliyaandika. Lakini mtutu, lile bomba linalopita risasi, haukuguswa kwa urefu wala kwa ukubwa wa risasi kabla ya kibali cha serikali kuja na mabadiliko kuingizwa kwenye cheti cha mwenyewe. Hata mtutu wa zamani ukitolewa haukutupwa. Kisheria ulihesabiwa kuwa ni silaha, nao ulikuwa na kabati lake na kufuli lake.

Wageni ndio waliotusumbua zaidi. Mmoja alitaka kifaa cha kupunguza mlio, akasema kwao ni heshima kwa majirani. Mwenye leseni akamjibu, "Bwana, sheria haisafiri na mzigo wako. Umeshuka hapa, wafuata ya hapa." Na bunduki ya mgeni ilipaswa kuondoka vile vile ilivyoingia, nambari kwa nambari, ama forodha ingeizuia.

Aliyenifundisha yote hayo ni fundi mkuu, Mwakio, Mtaita aliyenizidi miaka saba. Alikuwa mpole na mwepesi wa utani. "Bunduki ina mwili na ina cheti," alikuwa akiniambia. "Ukibadilisha mwili cheti kikabaki vile vile, umezaa mwana haramu, na baba yake ni wewe."

Kazi ile ilikuwa na upweke wake. Tulikatazwa kuisema nje, ili wezi wasijue funguo ziko kwa nani. Majirani zangu wa Timbwani, kule Likoni, walidhani natengeneza pampu za maji. Mke wangu, Kadzo, alijua kweli, lakini hakujua zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtu pekee niliyeweza kuongea naye kuhusu siku yangu alikuwa Mwakio. Kila mchana tulikula sahani moja ya viazi vya karai, tukigombania ukwaju. Alisimama nami siku ya harusi yangu. Alimshika binti yangu siku ya ubatizo.

Kisha, nikiwa nimeshapita miaka ishirini kazini, akaja mkulima mmoja wa mkonge na binti yake. Binti alikuwa mlenga shabaha hodari, mwembamba, mfupi, na bunduki aliyoagiziwa na babake ilimlemea kwa mbele. Walitaka mtutu ukatwe kidogo, bila kushuka chini ya kipimo cha sheria. Tuliomba kibali. Wiki zikapita, mashindano yakakaribia. Yule binti alikuja mara tatu kuuliza, na mara ya tatu alilia.

Siku iliyofuata nilimkuta Mwakio ameshaukata mtutu.

"Kaka Mwakio, kibali hakijaja."

"Kitakuja. Hakuna sababu ya kukataliwa, na wewe wajua. Acha nafasi ya tarehe wazi. Kikija, utaijaza."

Nikaiacha wazi. Nalisema hili kwa sababu wengi wakisimulia mambo kama haya hujitoa. Mimi sikujitoa. Niliiacha wazi kwa siku tisa.

Siku ya tisa kibali kilifika asubuhi, kimetiwa muhuri, kimekubali kila tulichoomba. Mwakio alipiga makofi. "Haya, jaza ya leo, tumpigie simu mtoto wa watu." Nilikuwa nimeshika kalamu pale afisa mkaguzi wa silaha alipobisha mlango. Ulikuwa ukaguzi wa kawaida, wa kila baada ya miezi michache. Mwenye leseni alikuwa hospitali akitibiwa moyo. Tulikuwa wawili tu.

Afisa alipekua rejista polepole, akafika kwenye ule mstari. Akaichukua bunduki kabatini, akaupima mtutu, akakitazama kibali.

"Kibali kimefika leo. Kazi imefanywa lini?"

Mwakio alinitazama. Macho yake yalisema, Jefwa, neno moja tu. Na lilikuwa neno dogo. Hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyeumizwa, kibali chenyewe kiko mezani. Lakini vipande vya chuma vilivyokatwa vilikuwa kabatini, na karatasi iliyofungwa juu yake, yenye tarehe ya kukatwa, niliiandika mimi mwenyewe. Ningesema "leo," ningelazimika kuichana ile karatasi, kisha kuandika nyingine, na kesho nyingine. Nilimkumbuka mtu anayesimamishwa njiani na karatasi yangu mkononi.

"Siku tisa zilizopita," nikasema.

Mwakio aliondolewa idhini ya ufundi. Alipelekwa mahakamani, nikaitwa shahidi. Alitozwa faini, akakatazwa kugusa silaha maisha yake yote. Mimi nilipewa onyo kali. Bunduki ilizuiliwa, na yule binti hakwenda mashindanoni. Mwenye leseni alipotoka hospitali aliniita ofisini.

"Umeniokolea leseni," akasema, "na umenivundia nyumba. Sijui nikushukuru ama nilie."

Akanifanya fundi mkuu. Hakuajiri mwingine. Kwa miaka kumi na mmoja nilifanya kazi peke yangu nyuma ya mlango wa chuma, redio ikisema na ukuta. Mchana nilinunua viazi nusu sahani. Kadzo alifariki katika miaka hiyo. Niliporudi kazini baada ya mazishi nilizima redio, nikasafisha bunduki moja siku nzima, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwambia.

Kesi ilipokuwa ikiendelea niliambiwa nisizungumze na mshtakiwa. Nilitii. Kesi ikaisha, nami nikaendelea kutii, ingawa hapakuwa tena na aliyenikataza.

Mwaka jana nilistaafu. Nilirudisha funguo, nikatia saini mara tatu, nikatoka nje mchana kweupe nisijue pa kwenda. Baada ya wiki mbili nikaenda Kiembeni, ambako nilisikia Mwakio anatengeneza cherehani. Mkewe alinifungulia.

"Karibu, shemeji," akasema, kisha akaita ndani, "Baba Mkala, una mgeni."

Mwakio alikuwa amezeeka. Hakuinuka. Nilikaa, nikaanza maneno niliyoyapanga tangu Likoni, kwamba nilisema kweli kwa sababu sikuwa na njia, kwamba sheria...

"Sheria naijua," akanikata. "Nilikufundisha mimi. Ungesema leo, ningekushukuru siku ile, na kesho yake nisingekuamini tena." Akakaza skrubu ya cherehani, akailegeza. "Mimi nilikosa, nikalipa. Lakini Jefwa, mahakama ilipomaliza, nilikaa barazani hapa nikikungoja. Mwaka mzima. Nikasikia Kadzo amefariki, nikavaa viatu nije, nikavivua, nikasema, huyu hanitaki. Kuna kifungu gani kilichokukataza kuja kunijulia hali?"

Mkewe alileta chai, tukanywa.

Vijana mnaoingia kazi hii, mtakuta mashine bora kuliko zetu, na vibali vinaombwa kwa kompyuta. Andikeni tarehe ya kweli, hata ikimgharimu mnayempenda. Kisha siku hiyo hiyo, kabla miguu haijawa mizito, nendeni mkabishe mlango wake.

Mimi huenda Kiembeni kila Jumamosi. Siku nyingine Mwakio hutoka, tukakaa. Siku nyingine mkewe huja mlangoni peke yake, akasema amelala. Namwitikia, "Haya, shemeji, mwache apumzike," nami nasikia mle ndani cherehani ikizunguka.