Gauni Lililoungua Nikiwa Usingizini

Mwaka ule nilikuwa nashona kama mtu anayekimbizwa. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Ipuli nilikuwa nimekigeuza ofisi: cherehani dirishani, meza ya kukatia ukutani, pasi ya mkaa juu ya tofali karibu na mlango. Mume wangu alikuwa kazini Urambo, kwenye kituo cha kununulia tumbaku. Alirudi Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri, kwa hiyo siku za katikati hakukuwa na wa kuniambia sasa basi. Nilikaa kwenye cherehani kabla ya adhana ya alfajiri, na nilipoinuka miguu ilikuwa imevimba mpaka kandambili zinaacha alama.

Chakula changu kilikuwa chai. Asubuhi chai ya rangi yenye sukari nyingi na maandazi ya jirani, saa saba chai tena, na jioni nilikula kile nilichokumbuka kununua. Sikusikia njaa, na hilo ndilo lililonidanganya. Kichwa kilikuwa chepesi, mikono inakwenda yenyewe, na mara nyingine niliiona sindano ikipanda na kushuka kama jambo linalotokea nyumba ya pili, kwa mtu mwingine. Nilidhani huo ndio ufundi wenyewe.

Usingizi ukinijia mchana nilinawa uso. Ukirudi, nilinawa tena.

Mtaa wa pili alikuwepo binti mmoja, mwalimu wa chekechea, aliyekuwa anakaribia kuolewa. Mama yake alikuwa ameshafariki, na mambo mengi ya harusi alikuwa akiyashughulikia mwenyewe. Aliniletea kitambaa cheupe kama maziwa, laini kiasi kwamba kilikuwa kinateleza mezani bila kuguswa. Alitaka gauni la mikono mirefu na sketi pana. Alinieleza huku ananichorea hewani kwa vidole, macho yanang'aa, nami nikamwambia nitamshonea gauni ambalo sijawahi kumshonea mtu.

Siku ya Jumatano, harusi ikiwa Jumamosi, nilikuwa napiga pasi sketi ya lile gauni. Ilikuwa saa nane mchana. Joto lilikuwa limetanda, mtaa mzima kimya, na mwanga uliopita dirishani ulikuwa mzito na wa njano kama asali. Nakumbuka niliegemea meza kidogo tu.

Nikajiona nimo katika ile njia ya zamani ya misafara, ya Kwihara. Vumbi lilikuwa jeupe. Mbele yangu walikuwa wanakwenda watu wengi, mstari mrefu usio na mwisho, kila mmoja na robota la nguo nyeupe kichwani. Hawakuwa wanaongea. Nilitaka kuwauliza wanakwenda wapi, lakini mdomo haukufunguka, nami nikawa nawafuata tu, mwepesi, miguu haigusi chini. Kisha nikasikia harufu ya nguo inayoungua. Humo humo ndotoni nikafikiri, mmoja wao ameangusha mzigo motoni, maskini.

Nilipofumbua macho pasi ilikuwa bado mkononi mwangu.

Sehemu ya mbele ya sketi ilikuwa imeungua, kahawia, umbo la pasi limejichora vizuri kabisa, katikati tundu. Nilikuwa bado naitazama nilipomsikia yule binti mlangoni.

"Shikamoo mama. Nimekuja kupima."

Akaingia, akafuata macho yangu mpaka mezani, akaona. Alishika kitambaa, akapitisha kidole kwenye tundu, kidole kikatokea upande wa pili. Akakaa chini sakafuni na kulia bila sauti, machozi yanashuka tu. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru angenitukana.

Baada ya muda alijifuta kwa kiganja, akaniangalia usoni.

"Mama, umelala lini mara ya mwisho?"

"Jana."

"Saa ngapi mpaka saa ngapi?"

Nikajaribu kukumbuka nikashindwa. Nikaanza kumwambia kwamba nitalitengeneza sasa hivi, kwamba nitakesha, kwamba asiwe na wasiwasi.

"Ukishona sasa hivi utaunguza na kilichobaki," alisema. "Nenda ukalale. Mimi nakaa hapa mlangoni."

"Mwanangu, nitalalaje na mambo haya?"

"Lala tu. Kulaza watu ndiyo kazi yangu."

Alivuta kigoda akakaa mlangoni, mgongo kwangu. Nikaingia chumbani nikajilaza juu ya shuka bila kuvua hata kilemba. Kwa mbali nilisikia watu wakija.

"Fundi yupo?"

"Yupo. Amelala."

"Mchana huu?"

"Mchana huu."

Sauti zile zilikuwa zinaingia na kutoka, na kila ziliporudi zilikuwa mbali zaidi, mpaka sikusikia kitu.

Nilipoamka jua lilikuwa linazama, na nyumba ilikuwa inanukia vitunguu. Alikuwa amepika wali na maharage na mchicha, kwa vitu alivyovikuta jikoni kwangu. Tulikula pamoja kwenye mkeka. Nilikula sahani ya kwanza nikiwa na haya, ya pili nikiwa na njaa. Niliposema sasa tuanze kazi, alikataa. Akafunga mlango wa mbele, akaniambia nilale tena mpaka asubuhi, akaenda zake.

Alhamisi asubuhi mikono yangu ilikuwa imetulia. Tulifumua kipande kilichoungua. Kitambaa cha kukiziba hakikutosha, na dukani kilikuwa kimekwisha. Tulikaa tukitazamana, kisha yeye mwenyewe akachukua mkasi, akanikabidhi na kusema tukate mikono. Tukaifanya mifupi, na kile kitambaa cha mikono nikakiunga kuwa rinda moja pana la mbele. Kazi ile ilichukua siku mbili, na siku zote mbili alikuja saa saba kunitoa kwenye cherehani nikale. Jumamosi alicheza ndani ya gauni lile mpaka shangazi zake wakamwomba apumzike. Mshono tuliujua mimi na yeye tu.

Mume wangu aliporudi nilimsimulia yote. Hakunilaumu. Alichukua simu akampigia mama yangu mkubwa, dada wa marehemu mama, anayelima huko Lusu, upande wa Nzega. Nilisikia jibu kutoka upande wa pili, kwa kuwa anaongea na simu kama anayeita mtu ng'ambo ya shamba.

"Mlete!"

Nikapanda basi la Nzega, na kutoka pale bodaboda.

Mama mkubwa amepita miaka sabini na mgongo wake umenyooka kuliko wangu. Asubuhi ya kwanza aliniamsha kwa "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya kwetu, gizagiza, akanipa jembe. Tulilima karanga mpaka jua likaanza kuuma mabegani. Nami nilipopata kasi, nikitaka kumaliza tuta, akaniambia imetosha. Tukaosha miguu. Akapakua ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga, na maziwa mgando kwenye kibuyu. Kisha akatandika ngozi ya ng'ombe kivulini mwa ukuta na kujinyoosha.

"Mama mkubwa, huoni tunapoteza mchana?"

"Mchana wenyewe umelala," alinijibu bila kufumbua macho. "Hebu angalia."

Nikaangalia. Kuku walikuwa wamejichimbia vumbini, mbawa zimelegea. Ng'ombe walikuwa wamesimama kivulini, hakuna anayetingisha hata mkia. Mbali kabisa mtu alikuwa anatwanga, polepole, na katikati ya pigo moja na jingine ulikuwepo muda wa kusahau kwamba kuna anayetwanga. Nikalala. Nilikuwa naota rangi tu, kijani na nyeupe, bila watu.

Siku moja tukichambua michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, alinisimulia habari za babu yake, ambaye alikuwa mpagazi, aliyebeba mizigo kwa miguu mpaka pwani na kurudi. Alisema waliondoka alfajiri, na jua likipanda walitua, wakapika, wakalala. Aliyejitia nguvu za kuzidisha siku za mwanzo alirudi na homa, au hakurudi. Alinieleza hivyo huku vidole vyake vinafanya kazi, hakunitazama. Nilielewa anamsema nani.

Siku ya nne niliamka nina njaa, njaa ya kweli, ya mtoto. Nilikaa Lusu wiki mbili. Viatu vilianza kunipwaya.

Niliporudi Ipuli nilibandika mlangoni kipande cha boksi nilichoandika: ofisi inafungwa saa saba mpaka saa tisa. Wateja wengine walicheka, wengine wakahamia kwa mafundi wa sokoni. Nilianza kupika asubuhi chakula cha mchana kabla sijagusa cherehani, maana nilijijua, nikishaanza sitapika. Ilikwenda vizuri mpaka Januari. Januari zikaja sare za shule, na nikaligeuza lile boksi upande usioandikwa. Wiki tatu nikarudi kwenye chai.

Jumamosi moja mume wangu alinikuta nimelala, shavu juu ya cherehani. Hakuniamsha. Alikusanya nusu ya vitambaa, akavipeleka kwa fundi mwingine, mama mmoja wa karibu na sokoni. Nilipogundua nilimnunia siku mbili nzima. Niliona kama amenivua kazi yangu mbele ya watu. Jumatatu, kabla hajaondoka, alisimama mlangoni na begi lake.

"Unadhani napenda kukaa Urambo wiki nzima nikijiuliza kama umekula?"

Mchana ule nilikwenda mwenyewe kwa yule mama kuangalia kazi, nikiwa nimejiandaa kuikosoa. Mishono yake ilikuwa safi. Alikuwa ameweka miguu kwenye ndoo ya maji, imevimba kama yangu. Tukaangaliana miguu, tukaanza kucheka.

Tangu hapo sare tunagawana, na alfajiri tunatembea pamoja kabla ya kufungua ofisi, kutoka Ipuli kuelekea mashambani. Hatuongei sana. Umande unalowesha pindo za khanga, moshi wa majiko ya kwanza umelala chini juu ya mapaa, na mji unaoamka nyuma yetu unasikika kama uko chini ya maji. Kwenye zahanati, ninakokwenda sasa kwa ajili ya ile miguu, waliponipima presha mara ya mwisho, muuguzi aliandika, akanitazama, akasema niendelee hivyo hivyo.

Wiki iliyopita, baada ya mvua, tulikutana njiani na mwanamke aliyetoka porini na beseni la uyoga. Ulikuwa bado una udongo, baridi mkononi. Tukanunua wote, tukagawana kwenye khanga zetu, na mwenzangu akaniuliza naupikaje. Nikamwambia kwa karanga. Yeye anaupika kwa nyanya. Tukabishana mpaka nyumbani.