Mstari wa Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Kazi yangu ni kukisia. Nikiwaambia watu hivyo hudhani natania, kwa hiyo siku hizi nasema mimi ni mpangaji wa mitandao ya simu, nao huniuliza kama naweza kuwarudishia namba ya siri waliyoisahau. Siwezi. Ninachofanya ni kukaa mbele ya kompyuta nikitazama jinsi kila mnara wa Migori na Homa Bay ulivyotumika, kisha nakadiria utahudumia watu wangapi mwakani, ili mtambo wa kuuongezea nguvu ufike kabla mnara haujalemewa. Mitambo huwa michache kuliko minara. Ukikisia vibaya, mtambo unakwenda kupigwa na jua mahali pasipouhitaji, na huko kwingine watu wanaendelea kuzitikisa simu zao.

Mama yangu ni Mkuria wa Kehancha. Baba yangu ni Mjaluo wa ufuoni mwa ziwa, mbele kidogo ya Sindo. Nililelewa Kehancha kwa kina mama, katika zile nyumba za mpakani ambazo simu yako hupokea ujumbe wa kukukaribisha Tanzania ungali umekaa jikoni kwenu unachambua mboga. Kwa sababu hiyo Kijaluo changu ni cha kusalimia na kuomba chakula, na shangazi yangu, dada yake baba, huzungumza nami Kiswahili alichokiokota sokoni. Yeye ananunua omena, wale dagaa wa ziwani. Mitumbwi inaporudi alfajiri, nahodha hupiga simu angali majini kuuliza kama mnunuzi yupo. Akimpata, anatia nanga hapo. Asipompata, anakwenda ufuo wa pili, na mnunuzi anabaki na beseni tupu na nyavu za kuanikia zisizo na kitu juu yake. Shangazi alikuwa na mitumbwi mitatu iliyomzoea, na ndiyo iliyomsomeshea watoto.

Mwaka ninaousema, mtambo mmoja ulikuwa umebaki na minara miwili iliugombea: wa Kehancha na wa ufuo wa shangazi. Uamuzi ulikuwa wangu. Niliona jambo la kuchekesha, kwa mama na kwa baba kuwekwa kwenye mizani moja, na nikajiapia kwamba nitafuata namba na namba peke yake.

Ofisini tulikuwa na desturi. Tulipima kila mnara kwa saa yake ya jioni, saa mbili, watu wakishakula na kila mmoja ana simu mkononi. Ukiona jioni inapanda mwezi hadi mwezi, unajua mahali panakua. Jioni za Kehancha zilipanda vizuri sana: wakulima wa tumbaku, watu wa bodaboda, wanafunzi wakitazama video. Jioni za ufuoni zilikuwa zimelala. Hilo halikunishangaza, maana jioni wavuvi wa omena wako ziwani na wake zao wamechoka.

Kulikuwa na mstari mmoja tu ulionikera. Mnara mwingine, ng'ambo ya ghuba, mbali kabisa na kwa shangazi, ulikuwa na simu zilizoanza saa kumi na mbili asubuhi na kukatika kabla ya saa moja. Zilitoka ng'ambo ya maji, upande wa kilima kisicho na nyumba hata moja. Na ziliongezeka kila mwezi. Hapo ndipo utoto wangu wa ziwani, ule mdogo nilioupata wakati wa likizo, uliponiponza. Najua maji hurusha mawimbi ya simu. Mtu akiwa mtumbwini anaweza kudaka mnara wa mbali sana, na mnara ukadhani una wateja ambao si wake. Nikaandika pembeni "mrusho wa ziwa", nikaufuta mstari. Nakumbuka nilijipongeza. Niliwaza kwamba mpangaji aliyezaliwa kwenye milima ya chai angedanganyika, mimi katu.

Wakati huohuo shangazi alikuwa akinipigia simu mara mbili tatu kwa juma, asubuhi mapema, akihema. Nyuma yake upepo ulivuma hata nikawa nasogeza simu mbali na sikio. Aliniambia kila mara neno moja.

"Nyathina, mwanangu, hapa kwetu asubuhi network hakuna. Simu ya watu wa mtumbwi haiingii."

"Shangazi, si hii yako imeingia?"

"Hii ni hii," alisema, kisha tukaongea mambo ya nyumbani.

Kuhema kwake nilikuchukulia kuwa ni uzee. Nilimshauri apunguze chumvi.

Mtambo ukaenda Kehancha. Nilimpigia mwenyewe kumwambia, jioni, maana sikutaka aipate habari kwa watu.

"Kwa hivyo umepelekea mama yako."

"Namba hazina mama, shangazi." Nilisema kwa ukali. Nina hasira za karibu, kila mtu kwetu anajua, na aliyezigusa siku hiyo aligusa jambo nililojivunia.

"Sawa," akasema. "Kama namba imesema, imesema."

Tangu siku hiyo simu za asubuhi zikakoma. Nilidhani amenuna, nikanuna pia. Yalipita majuma mengi, mimi huku na msimamo wangu na yeye kule kimya, mpaka kazi iliponipeleka Mbita na nikaona aibu kukaribia hivyo bila kufika kwake.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, goti lake la kulia limefungwa leso, limevimba. Nyavu za kuanikia zilikuwa zimekunjwa zimewekwa kando ya ukuta. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili, akanipikia ugali na samaki akichechemea, na hakutaja mtambo wala mama. Nilipouliza kuhusu goti alisema ni la kilima. Nilipouliza kilima gani alinitazama kana kwamba nimeuliza ziwa liko wapi.

"Kesho asubuhi fuata wenzangu," alisema. "Mimi siwezi kukueleza, nikieleza wewe utaleta namba."

Alfajiri nilimfuata jirani yake, mama mmoja mnene mchangamfu aliyekuwa amefunga simu kwenye ncha ya kanga. Njia ilikuwa ya mbuzi, mawe na miiba, na mimi wa viatu vya ofisini niliteleza mara mbili. Juu kulikuwa na uwazi wenye upepo, na wanawake kumi hivi, kila mmoja amesimama au kukaa mahali pake, wakipiga kelele kwenye simu kwa Kijaluo. Kutoka pale waliiona mitumbwi ikirudi, vidoa vyeusi juu ya maji. Waliwapigia manahodha, wakaahidiana, kisha wakageuka kushuka kwa kasi ili wawahi kufika chini kabla mitumbwi haijagusa mchanga. Mmoja aliteremka akikimbia, beseni kichwani, wala hakulishika.

Jirani alinieleza kwamba kule ufuoni asubuhi kila mtu hupiga kwa wakati mmoja, na mnara wao husongwa ukakataa wote. Kwa hiyo walipanda huku. Kwanza alipanda mmoja, shangazi yako, alisema. Ndiye aliyegundua. Halafu sisi wote.

Palikuwa na jiwe bapa ukingoni ambalo hakuna aliyelikalia.

"Hapo ni pake," mama yule alisema. "Tangu goti limkatae, mitumbwi yake miwili imehamia kwingine. Mtumbwi ni kama mgeni, haungoji kwenye mlango uliofungwa."

Nilitoa simu yangu na kufungua ile programu ya kazini inayoonyesha unashikwa na mnara upi. Ulikuwa ule wa ng'ambo ya ghuba. Nilitazama saa: kumi na mbili na nusu. Nikakaa juu ya lile jiwe la shangazi. Hawa ndio waliokuwa mrusho wa ziwa. Nilikuwa nimewaona kila mwezi wakiongezeka, mmoja baada ya mwingine, na nikawafuta wote kwa kidole kimoja. Na yule aliyehema kwenye sikio langu alikuwa amepanda hapa juu kuniambia jambo ambalo chini lisingepita.

Niliposhuka nilimweleza kila kitu, mstari, kilima, neno nililoandika pembeni. Alisikiliza akichambua mchele.

"Kwa hivyo kwa hesabu yako mimi nilikuwa maji."

"Ndiyo, shangazi."

Alicheka hadi akashika ubavu, na mimi nikacheka kwa kuwa yeye amecheka. Kisha akatulia, akagusa goti lake.

"Nilikuwa napanda na hii goti," alisema. "Nilijua wewe uko huko ofisini, utaona."

Niliona haya kama sijawahi kuona haya maishani, nikamwambia hivyo, naye akasema nisogeze sinia jua lisipige mchele.

Kwenye mkutano uliofuata nilirudisha mstari na nikasema ni nani aliyeufuta. Mtambo wa Kehancha haungeng'olewa, na haukupaswa kung'olewa. Watu wa kule walishauzoea, mama akiwamo. Ufuo ulisubiri zamu nyingine. Siku hizi ofisini tunapima saa zote za siku, na kabla sijafuta chochote napiga simu kwa mtu anayeishi pale, jambo linalowaudhi wenzangu kwa sababu linachelewesha ripoti. Na waudhike.

Mtambo ulipofika hatimaye, shangazi alikuwa amebakiwa na mtumbwi mmoja. Mmoja kati ya ile miwili ulirudi baadaye; wa tatu haukurudi tena, nahodha wake alishazoeana na mnunuzi mwingine. Sikumwambia tarehe ambayo mafundi wangeuwasha, nikihofia kuahidi kitu kisichotimia. Asubuhi ya siku ya pili baada ya kuwashwa, simu yangu ililia saa kumi na mbili kamili. Niliipokea nikaisogeza mbali na sikio kwa mazoea, lakini hapakuwa na upepo. Palikuwa na kuku, na mtu akifagia.

"Umeamka?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imetulia, haihemi hata kidogo.

"Nimeamka. Uko wapi, shangazi?"

"Nimekaa," alisema.