Tangi la Samaki Hai la Wifi Yangu Velma

Kaka yangu Ulysse ni mpumbavu, na nalisema hili nikiwa nimetoka naye tumbo moja. Alimwacha wifi yangu Velma akahamia Misisipi na mwanamke wa saluni, na boti akaondoka nayo. Mke kumwacha, haya, hayo ni mambo ya watu wawili. Lakini boti? Boti waliyonunua kwa mikono ya Velma, mikono iliyochubuka kwa kumenya kamba kiwandani msimu baada ya msimu? Mama yetu angekuwa hai angemfuata huko huko na mwiko.

Miaka yote ya ndoa Velma alikaa kiti cha nyuma cha boti ile kwenye mashindano ya klabu yetu ya uvuvi. Yeye ndiye aliyekuwa akivua. Ulysse alikuwa anashika usukani na kunywa bia, na jioni samaki wanatangazwa kuwa ni wa Ulysse. Watu wote wa bwawa hili walijua, wakanyamaza.

Basi masika yaliyopita Velma akanunua kayaki, ule mtumbwi wa plastiki wa mtu mmoja, wa manjano, umechunika chunika. Akaenda nao moja kwa moja kujiandikisha kwa mashindano ya Agosti. Nilikuwepo. Mwenyekiti wa klabu, Lastie Fruge, tumbo mbele, aliitazama ile kayaki juu ya gari, kisha akamtazama Velma.

"Bi Velma, hii ni klabu ya boti."

"Inaelea hiyo, Lastie. Ulitaka iruke?"

"Sikiliza, mama. Hapa samaki wetu, hawa besi, wanapimwa wakiwa hai, halafu wanarudishwa majini. Kila chombo kiwe na tangi la samaki hai, na pampu ya kuwapa maji mapya. Wewe utawaweka wapi? Ndani ya sidiria?"

Wanaume wakaangua kicheko. Velma hakupepesa macho.

"Hao unaowavua wewe wangeenea."

Kicheko kikageuka, na Lastie akawa mwekundu hadi masikioni. Hapo ndipo alipotamka neno lake, mbele ya watu wote: "Leta tangi basi. Lakini samaki mmoja, mmoja tu, akikufia, wewe na kila mwenye kikayaki msikanyage tena mashindano haya."

"Nimekubali," akasema Velma.

Ndani ya gari nilimgombeza mpaka nikakauka koo. "Wifi, una wazimu? Umejifunga mwenyewe! Agosti yetu hii, jua la kukaanga mayai, samaki hawatafia mikononi mwako?"

"Wifi, miaka yote hiyo samaki wangu wameliwa na jina la mtu mwingine. Mwaka huu nataka wangu waitwe wangu. Nikifukuzwa, nifukuzwe kwa makosa yangu mimi."

Nikawasha gari.

Tangi alilitengenezea kibandani kwangu, maana kwake Ulysse alibeba hata bisibisi. Alichukua kasha la barafu, lile la kuwekea bia. Akatafuta pampu ndogo ya betri, ya kutolea maji yaliyoingia ndani ya boti, akaigeuza kazi. Aliifunga mwisho wa mpira ili itumbukie bwawani pembeni ya kayaki, ivute maji na kuyapandisha kwenye kasha. Ndani, chini ya mfuniko, akalaza kipande cha bomba alichokitoboa vitundu vitundu, maji yaingie kwa kunyesha na kubeba hewa. Ubavuni akatoboa tundu la kumwagia maji yakizidi. Kila kiungo akakipaka gundi isiyopitisha maji, na mikono yake yote ikanata; siku nzima alikuwa anashika vikombe vyangu na vinamng'ang'ania.

Kosa lake lilikuwa moja. Alitaka samaki wake wakae kwa nafasi, kwa hiyo tundu la kumwagia akaliweka juu kabisa, karibu na mfuniko. Tulipoenda kujaribu, kasha likajaa pomoni nyuma ya kiti chake. Pua ya kayaki ikainuka. Velma akapiga kasia kugeuza, maji yote ya kasha yakakimbilia upande mmoja, na kayaki ikapinduka mbele ya gati, saa ya chakula cha mchana, Lastie na wenzake wamejipanga pale na soseji zao za wali mikononi.

"Wifi!" nikapiga yowe.

"Sidiria imezama?" akauliza Lastie, na wakacheka mpaka soseji zikawapalia.

Velma akaibuka na magugu kichwani. "Cheka taratibu, Lastie, meno hayo si yako." Akaburuta kayaki hadi ufukweni, akaipakia, akaingia garini akilowesha kiti changu. Njiani alilia kidogo, kwa hasira tu, akajipangusa na mkono wenye gundi. Nilitamani kurudi nikamsukumie Lastie majini na soseji yake.

Tundu la juu akaliziba, akatoboa jingine katikati ya ubavu, ili maji yasipite nusu. Na ili yasipate pa kukimbilia, akakata ukuta mdogo wa plastiki wenye matundu, akausimamisha katikati ya kasha. Nilipouchungulia niliona alama za kisu ninazozijua.

"Wifi, huu si ubao wangu wa kukatia vitunguu?"

"Ulikuwa."

Safari hii kayaki ilikaa majini, ikatulia. Velma aliizungusha, akaitikisa kwa makusudi, akainuka nusu kutoka kwenye kiti. Wapi! Haikupinduka.

Siku ya mashindano boti zilinguruma alfajiri zikapotea kwenye miti ya misipresi iliyoota majini, na Velma akazifuata kwa kasia. Mimi nilibaki gatini na mwavuli, roho juu. Alasiri boti zikarudi, na nyuma yao, polepole, kile kimanjano. Nilipofungua mfuniko nilihesabu besi watano, idadi kamili ya mashindano, midomo mipana, mapezi yanacheza. Nusura niwabusu.

Sasa, klabu yetu ina mtindo wake. Ukifika gatini unawatoa samaki kwenye tangi, unawatia kwenye mfuko wa plastiki wenye maji kidogo, unapanga foleni kwenye mizani. Na foleni ile si foleni, ni baraza. Wanaume wanasimama juani na mifuko yao, kila mmoja anadanganya alikowapata, wanapigana mabega, huku samaki wanahema kwenye maji ya uvuguvugu. Kila mwaka kadhaa wanakufa, na kila mwaka wanalaumu joto.

"Kayaki mwisho wa foleni," akatangaza Lastie kwenye kipaza sauti. Mfuko wake mwenyewe ulikuwa umetundikwa pale mezani. "Na samaki kwenye mfuko, Bi Velma, kama wenzako."

Velma akautazama ule mstari mrefu. Akazifungua kamba za kasha.

"Wifi, shika huku."

Nikashika. Mgongo wangu haujasahau hadi leo. Tukalitua ukingoni mwa gati, akatumbukiza pampu bwawani, ikaanza kuvuma, maji yakanyesha. Kisha akakaa juu ya mfuniko, akakunja mikono.

"Bi Velma! Mfuko!"

"Ng'o."

"Ni utaratibu!"

"Ulisema wafike mizanini wakiwa hai. Hai ndio hawa. Zamu yangu ikifika nitawatoa."

"Nitakufuta!"

"Nifute. Lakini njoo unifute hapa, nikifungua mfuniko, watu waone unamfuta nani na kwa nini."

Mzee Dudley, aliyekuwa katikati ya foleni, akainua mfuko wake usawa wa macho. Besi wake mkubwa alikuwa keshaanza kulala ubavu. Akamtazama samaki, akamtazama Velma, akatoka kwenye mstari bila neno, akaenda kumrudisha kwenye tangi la boti yake. Akafuata mwingine. Halafu wawili. Lastie alikuwa anapiga kelele kwenye kipaza sauti na foleni inamwishia machoni, wanaume wazima wanakimbia na mifuko kuelekea kwenye boti zao.

Yeye mfuko wake hakuugusa, kwa ubishi. Ulipofunguliwa, besi wake wawili walikuwa chali.

Velma alipima wa mwisho kabisa. Hakushinda, nisiwadanganye, alikuwa wa saba. Kwetu mpimaji hutangaza jina, chombo na injini, na wanaume huvimba vifua wakisikia nguvu za farasi zao. Lastie alisoma mizani, akasogeza kipaza sauti, akasema harakaharaka: "Mke wa Ulysse Dugas. Ratili kumi na moja. Asanteni, chakula kiko tayari."

Velma hakuondoka mezani.

"Nani?"

"Bi Velma, watu wana njaa."

"Nimekuuliza, umemtaja nani?"

Hakuna aliyesogea kwenda kwenye chakula. Dudley akavua kofia. Lastie akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Velma Guidroz," akasema, kwa jina la babake, lile alilojiandikisha nalo.

"Chombo?"

"Kayaki."

"Injini?"

"Kasia."

"Waliokufa?"

Lastie akachungulia kwenye beseni la mizani. Besi mmoja akapiga mkia, akamrushia maji usoni.

"Hakuna," akasema.

Nikapiga vigelegele hadi sauti ikakatika, mimi, Dugas wa damu.