Batri ya Mjomba

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuchaji batri lilikuwa kuamini kwamba batri haifai kutoka mkononi mwangu kabla haijajaa kabisa. Hakuna aliyenifundisha kazi hiyo. Niliisoma katika kitabu kilichong'oka jalada, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kunirekebisha, niliogopa kukosea kuliko kitu kingine chochote.

Miaka hiyo ya themanini soko letu la Ikutha halikuwa na stima. Dainamo yangu ilizungushwa na injini ya posho mill, kinu cha unga cha mama mmoja jirani, kwa hiyo madereva walichaji siku ya soko tu, akina mama wakisaga mahindi. Batri zilipangwa foleni, nami nilipima asidi ya kila shimo, nikarudia, kisha nikarudia tena.

Asubuhi moja ya soko mjomba wangu, kaka yake mama, alifika na batri ya pikapu yake nyuma ya baiskeli. Mke wake alikuwa amezidiwa na malaria. Gari lilikuwa limekwama nyumbani kwenye mchanga, na walikuwa wamelisukuma likakataa kuwaka.

"Mwanangu, nipe ya kuwasha tu. Nimpeleke hospitali."

"Mjomba, ukiitoa nusu inaharibika. Ngoja zamu."

Mchuuzi mmoja wa ng'ombe akauliza, "Fundi, hiyo batri unaichaji ama unaipeleka sekondari?"

Watu wakacheka. Aibu ilinifanya nishikilie neno langu zaidi.

Mama mwenye kinu akaonyesha batri mbili zilizokuwa kando. "Si hizo zimejaa? Mwazime moja."

"Zina wenyewe," nikasema.

Wenyewe walikuwa pale pale sokoni, upande wa kuuzia mbuzi. Sikuenda kuwauliza.

Mjomba aliketi juu ya gunia, akavua kofia, wala hakuomba tena. Alasiri nilimkabidhi batri iliyojaa. Nilikuwa nimepangusa hata vichwa vyake vya kufungia nyaya vikang'aa. Nakumbuka vile vichwa kuliko ninavyoukumbuka uso wake, na jambo hilo hunitesa.

Alipofika nyumbani, mke wake alikuwa ameshakata roho. Pikapu iliwaka mara moja. Waliitumia kumbeba hadi mochari.

Wazee wa kanisa waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Niliitikia, lakini usiku huo na mingine mingi nilihesabu saa alizokaa juu ya lile gunia. Mjomba hakunilaumu. Siku nyingine ya soko alileta batri yake kama kawaida, akanisalimu, akaniita fundi. Hajaniita mwanangu tena.

Sasa nina batri mbili zangu mwenyewe ambazo hukaa zimejaa, na ufunguo wa kibanda uko kwa mama wa kinu. Dereva mwenye haraka huacha yake na kuondoka na mojawapo, siku yoyote, hata mimi nisipokuwepo.