Kitufe Kisichobonyezwa

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi ndiye niliyemtia mwajiri wangu wazimu wa intaneti. Alikuwa Mhindi wa Kisii, amezaliwa palepale mjini, lugha yetu ya Ekegusii anaijua kunishinda, na duka la mabati na simenti alilirithi kwa babake. Nilimwambia vijana wetu wamejaa Amerika na kila mmoja anataka kumjengea mama yake nyumba. Tukiliweka duka ndani ya kompyuta watatuona hukohuko, wabonyeze kitufe, watuandikie wanachotaka. Akakubali. Akanipa chumba kidogo kando ya stoo, kompyuta, na ufunguo. Nami nikaacha ualimu wa kibarua kule Gesima, kazi ambayo baba alinitafutia kwa kupigia watu magoti. Baba alisema nikirudi nyumbani, narudi kuchuma chai. Hakuwa mtu wa utani.

Tovuti ikawa tayari. Fundi wake, kijana wa Nairobi ambaye sikuwahi kumwona uso, aliweka chini ya ukurasa kihesabio cha wageni na kitufe cha kuagiza. Kila asubuhi niliunganisha laini ya simu, huku nikimwomba Mungu mtu asipigie duka simu, maana akipiga tu intaneti inakatika. Kila asubuhi nikakuta wageni wameongezeka. Lakini sanduku la barua pepe? Tupu. Wiki tupu, mwezi tupu. Jamani, watu wanaingia, wanaangalia mabati, wanatoka kimya kama waliokuja kuaga maiti. Nilikuwa nakaa mbele ya kioo kile nikitamani kukizaba kofi.

Nikaanza kutafuta ugonjwa. Nilibonyeza kitufe mwenyewe, nikaandika "jaribio", nikatuma. Likafika. Nikampigia fundi, naye akabonyeza kutoka Nairobi. Likafika. Akabadilisha rangi ya kitufe, akakipeleka juu, akakirudisha chini, na majaribio yetu yakazidi kufika. Yaani kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa mimi. Siku moja bosi alichungulia akaona barua mpya imeingia. Alitoka mbio, akarudi na chai ya maziwa na mandazi kwenye sahani, mzee mzima amejaa furaha. Kisha akainama kusoma. Lilikuwa jaribio langu. Aliiacha chai pale mezani, nami sikuweza kuinywa.

Kinachoniuma ni kwamba duka lenyewe halikuwa na shida. Wateja walikuwa wengi kuliko mwaka uliotangulia, na kina mama ndio waliozidi. Bosi alisema hiyo ni bonasi ya chai, wakulima wamelipwa, si kompyuta yangu. Ningebisha kwa lipi? Akanipa hadi mwisho wa mwezi. Asipopatikana hata mnunuzi mmoja kwa njia ile, chumba kinageuzwa stoo ya misumari, nami nashika njia ya kwetu.

Nilikonda. Usingizi uliniruka, chakula kikawa hakipiti. Mfa maji haishi kutapatapa, nami nikatapatapa hadi kwa paka. Kwenye picha ya tovuti, juu ya rundo la mabati ya kijani, alikuwa amelala paka wa duka, mweupe mwenye sikio moja jeusi. Siku ya kupiga picha tulimfukuza akarudi, tukamfukuza akarudi, hadi filamu ikaisha. Sasa nikajiambia ni huyu mshenzi anayetuharibia. Nani huko ng'ambo atamwamini muuzaji anayelaza paka juu ya bidhaa? Bosi akaafiki, nikampigia fundi amfute. Fundi akasema ana kazi nyingi, atamfuta wiki ijayo.

Kabla ya hiyo wiki ijayo, kazi yangu ikaisha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi bosi alinyoosha mkono bila kuniangalia, nikampa ufunguo. Nilisimama karibu na kaunta, mkoba begani, nimeyabana machozi, nikisubiri mvua ipungue nikapande gari la Gesima. Nilikuwa napanga maneno ya kumwambia baba na hayakuwa yanapangika.

Ndipo akaingia omong'ina mmoja, mama mzee wa haja, gambuti zimejaa matope. Bosi akamwamkia kwa Ekegusii, wakaulizana habari za nyumbani kama ilivyo desturi. Nilitarajia aulize bei. Hakuuliza. Aliangalia huku na huku, kisha akauliza paka yuko wapi.

Bosi akanuna. Baadaye aliniambia huyu hakuwa wa kwanza. Kina mama wengine walikuwa wamemuuliza vilevile, naye akadhani wanamkejeli kwamba dukani kwake kuna panya.

"Paka gani, mama?"

"Wa sikio jeusi. Mwanangu yuko Amerika, ameliona duka lenu ndani ya kompyuta. Ameniambia kwenye simu, mama, hapo mjini watakuvuta mkono kila mlango. Usinunue popote mpaka umwone huyo paka."

Nikasahau adabu, nikaingilia mazungumzo ya wakubwa, nikamuuliza mbona huyo mwanawe hakubonyeza kitufe akatuandikia. Mama yule alinitazama kama mtoto aliyekosa malezi.

"Mimi ndiye nitakayelala chini ya hayo mabati," akasema. "Yeye atayachaguaje?"

Ee Mungu wangu. Binti wa Gesima mzima, nimelelewa na shangazi wa namna hii hii! Kwetu mwana aliye mbali hutuma pesa, lakini bati huchaguliwa na mwenye nyumba. Huligonga kwa kifundo cha kidole, hupima unene wake, na siku linaposhushwa huwa amesimama pale majirani wakiona. Wale wageni wa kihesabio walikuwa wanatoka kwenye kompyuta na kuwapigia mama zao simu. Mama zao wakaja kwa miguu, wakapitia mlango wa mbele, mimi nimejifungia kando ya stoo nalinda kitufe.

Bosi aliingia stoo mwenyewe, akarudi amempakata paka aliyekuwa akimfukuza kila siku kwa ufagio, akamweka juu ya mabati ya kijani. Mama mzee akacheka, akagonga bati la kwanza. Bosi akatoa ufunguo mfukoni, akanisukumia juu ya kaunta.

"Mpigie yule kijana wa Nairobi," akasema. "Mwambie paka asiguswe."

Nilikimbilia simu kwa haraka hata nikakosea namba.