Walitaka Kumdunga Susu Sindano

Nyumbani kwetu Mbumbuni, baba humwita dadangu "mwaitu", yaani mama. Si utani. Dadangu alipewa jina la susu, nyanya yetu, mamake baba, na kwetu ukipewa jina la mtu, wewe ni yeye, basi. Baba hathubutu kumchapa. Mimi nilipewa jina la babu aliyekuwa akiiba mbuzi, kwa hivyo mimi huchapwa kwa niaba ya wawili.

Dadangu hukimbia mita elfu tatu. Miguu yake ni ya susu, nyembamba, imepinda kidogo magotini. Husemwa kwamba enzi zake susu alikuwa anafukuza ndama mpaka ndama anaomba msamaha.

Muhula uliopita, kabla ya timu ya shule kwenda mashindanoni Kitui, mwalimu wa michezo alikuja kwetu na mtu wa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Mbumbuni, na hilo vumbi! Nilijua ni mwongo kabla hajafungua mdomo. Alisema ana sindano mpya ya kuongeza mbio.

"Si zile za zamani, unakojoa kwa chupa unashikwa. Hii inaingia kwenye vinasaba. Hakuna kipimo kitaiona."

"Vinasaba ni nini?" baba akauliza.

"Ni yale mambo mtoto anarithi, mzee. Misuli, mapafu, damu. Ya huyu ni mazuri, lakini tunaweza kuyarekebisha kidogo."

Baba akaweka kikombe chini. "Huyu alirithi kwa mama yangu."

"Ehe! Sasa umeelewa."

"Kwa hivyo unataka kumrekebisha mama yangu."

Nilicheka mpaka uji ukanitokea puani. Susu, aliyekuwa anapepeta ndengu hapo kando, hakucheka. Alivuta leso yake, akanyoosha miguu mbele ya yule mtu.

"Wewe kijana, hii miguu iko na makosa gani?"

Mwalimu ndiye aliyejibu, akimtazama dadangu. "Haina makosa, susu. Lakini wale wa shule zingine wanadungwa. Huyu asipodungwa, nafasi yake nitampa mwingine."

Hapo ndipo kicheko kiliponiisha. Huyo ni mwalimu, jamani! Ndiye hutuchapa tukiibia mtihani.

Dadangu alikuwa analia. "Mimi nataka kwenda, mwalimu. Lakini nikifika wa kwanza, nataka niwe nimefika mimi."

Wakaondoka. Nafasi ilipewa msichana wa darasa lake, ambaye dadangu humwacha nyuma hata akiwa na malaria. Alidungwa, akaenda Kitui, akarudi na medali.

Labda ile sindano ilikuwa maji ya chumvi tu. Sijali. Kuna mtu mzima aliyemwambia mtoto kwamba alivyozaliwa havitoshi, na Jumatatu mtu huyo huyo akasimama gwaride akituambia tumpigie mshindi makofi. Darasa zima liligeuka kuniangalia, wakingoja niseme kitu cha kuchekesha. Nilifumbata mikono mfukoni.

Dadangu alipiga makofi. Alipiga kwa nguvu kuliko wote, akimtazama yule msichana, ambaye alikuwa ameficha medali ndani ya sweta na kuinamisha kichwa.

"Unampigia mwizi?" nikamnong'oneza.

"Nyamaza, wewe," akasema. "Yeye pia ana jina la susu wake. Huyo susu aliulizwa na nani?"